Mzee Mshale Atoka Langoni kwa Mara ya Tatu

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika ofisi yetu ya mizani na vipimo, na miezi miwili ya nyongeza ambayo hakuna aliyeipanga, Mkuu wa Taratibu za Kazi alistaafu rasmi Ijumaa tarehe 30 Mei, saa tisa na robo alasiri. Kila mtu hapa, kuanzia mlinzi hadi mkurugenzi, humwita Mzee Mshale. Wasomaji wa jarida hili watakumbuka kwamba alistaafu pia tarehe 31 Machi, na tena tarehe 30 Aprili. Mara zile mbili hazikuhesabika. Hii imehesabika, na jinsi ilivyohesabika ndiko kulikoufanya wasifu huu uwe mrefu kuliko nafasi niliyopewa na mhariri.

Alianza kazi akiwa mchukuzi wa mizani. Wenye maduka huleta mizani zao hapa zikaguliwe na kupigwa muhuri, na yeye ndiye aliyezibeba kutoka kaunta hadi chumba cha kupimia. Kwa hiyo njia za jengo hili alizijua kwa mabega kabla hajazijua kwa macho.

Katika mwaka wake wa tatu, muuza nyama mmoja alimuuliza mizani yake imefikia wapi. Hakujua. Akaenda kuuliza chumba kwa chumba, na kila chumba kikamwambia imeshapita. Jambo hilo lilimkosesha usingizi. Ilipoletwa mizani nyingine, aliomba likizo yake ya mwaka, akaitumia yote kuifuata. Ilipokaa, alikaa. Ilipohamishwa, alisimama, akachora mshale wa chaki sakafuni, akaenda nayo. Wenzake walidhani amepatwa na jambo nyumbani. Wengine walianza kumletea chakula cha mchana, kimoja chake, na mara moja, kwa utani, kingine cha mizani.

Mizani ile ilikaa humu siku kumi na tisa. Kazi iliyofanywa juu yake ilichukua dakika kumi na moja. Muda uliobaki ilikuwa ikisubiri, na kati ya hizo, siku sita ilikuwa juu ya kiti kimoja ukumbini, kwa sababu chumba namba nne kilidhani kiti hicho ni cha chumba namba tano, na chumba namba tano kilidhani vivyo hivyo kuhusu chumba namba nne. Mkurugenzi wa wakati huo alitaka kujua mvivu ni nani. Mzee Mshale alijibu, "Hakuna mvivu, bwana mkubwa. Kiti ndicho kimekaa vibaya." Kiti kikaondolewa. Wiki hiyohiyo siku kumi na tisa zikawa kumi na tatu, na mchukuzi akapewa chumba, bunda la karatasi za kaki na cheo ambacho hakikuwepo.

Ramani zake tunazifahamu sote. Kila tendo lina kisanduku chake. Kila uamuzi una kisanduku chenye alama ya kuuliza. Mishale inaonyesha kazi inatoka kwa nani kwenda kwa nani, na pale inapolala, huandika imelala kwa muda gani. Hakukubali kuelezwa kazi. Ukianza kumweleza alifunga daftari na kusema, "Nionyeshe." Aliwahi kumfuata karani mmoja aliyekuwa akitafuta wino tangu saa mbili hadi saa tano, ghorofa zote tatu, bila kumsaidia, kwa kuwa kusaidia kungeharibu ramani. Wino ulikuwa mezani kwa Mzee Mshale. Hilo nalo aliliandika.

Kanuni yake nyingine ilikuwa ngumu zaidi. Ramani ikishabandikwa ukutani haibadilishwi kwa ajili ya mtu mmoja. Anayetaka kuibadilisha hubandika badiliko lake siku thelathini, watu watoe pingamizi, kisha ndipo libadilike kwa wote.

Katika chumba namba saba aligundua Fomu ya Nane. Ilijazwa na karani wa kiume, ikavushwa meza kwa karani wa kike, naye akajaza Fomu ya Tisa kuthibitisha kwamba Fomu ya Nane imefika. Fomu ya Tisa ilirudi kwa karani wa kiume, ambaye kwa kuipokea alilazimika kujaza Fomu ya Nane. Walikuwa wamefanya hivyo miaka minne, kwa bidii, bila kosa hata moja. Mzee Mshale alichora mishale miwili, akaitazama kwa muda, akashauri fomu zote mbili zifutwe. Wiki ya kwanza makarani wale walikaa wakitazamana tu. Miezi mitano baadaye walioana. Kadi ya mwaliko ilimfikia Mzee Mshale ikiwa na nakala mbili na mahali pa kusaini kwamba ameipokea.

Si kila mtu alimkubali. Mama Chai alimsikiliza hadi mwisho akieleza faida za ramani ya chai, kisha akamwambia, "Chora popote, baba. Ila mshale ukivuka mlango wa jikoni kwangu utakutana na mwiko." Ramani ya chai ina visanduku ishirini na sita, na katikati yake pana duara tupu lililoandikwa: jikoni, hapajulikani. Karani mmoja wa masjala naye alijikuta, kwenye ile ramani kubwa ya ukumbini yenye urefu wa mita tisa, ndani ya kisanduku cha swali ambacho mishale yake yote miwili, wa ndiyo na wa hapana, ilielekea chumba kimoja. Aliomba ruhusa ya siku mbili akatafakari maisha yake. Alirudi ameamua, na leo ndiye mkuu wa masjala.

Nyumbani pia hakukupona. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, anasimulia kwamba mumewe aliwahi kuichora asubuhi yao, akagundua mama watoto hutembea hatua arobaini kufuata chumvi. Akaihamisha. Kwa mwezi mzima familia ilikula chakula kisicho na chumvi, maana hakuna aliyejua ilipo, na mwenyewe alikuwa amesahau kuichora. Watoto wao sasa ni watu wazima, na bado mmoja wao akipoteza kitu husema kimechorwa.

Lakini kazi ilionekana. Leo mizani inayoingia saa mbili asubuhi inatoka kabla ya saa sita, na mwenye duka anaweza kuisubiri akiwa amekaa. Vipo viti.

Jambo moja halichekeshi, na yeye mwenyewe alitaka liandikwe. Miaka tisa iliyopita, mpiga chapa wetu alimwendea akiomba aondoke siku hiyohiyo, kwa kuwa mama yake alikuwa hoi. Ramani ya ruhusa za dharura ilikuwa mpya, na ilikuwa na kisanduku cha kusubiri siku mbili. Angeweza kumvusha. Alikataa, akisema akimvusha mmoja leo, kesho watakuja kumi, na ramani itabaki karatasi ya kufungia sukari. Yule dada aliondoka siku ya tatu. Hakumkuta mama yake. Kisanduku cha kusubiri kilifutwa, baada ya siku thelathini za pingamizi kama kanuni inavyotaka. Dada huyo akaomba kuhamishiwa stoo, ambako ndiye mtunza stoo hadi leo, na kwa miaka tisa hakumpa Mzee Mshale zaidi ya salamu ya kikazi.

Sasa tufike Machi.

Ramani ya kustaafu ina visanduku kumi na vinne. Cha mwisho alikiongeza mwenyewe, baada ya dereva mmoja kustaafu na ufunguo wa stoo mfukoni, nasi tukawa tunaingia stoo kwa dirishani kwa miezi minne. Kinasema: Mkuu wa Taratibu athibitishe kwamba mstaafu amekabidhi kila kitu. Ni kisanduku kizuri. Kimewahudumia wastaafu ishirini na wawili bila tatizo. Wa ishirini na tatu alikuwa Mkuu wa Taratibu.

Hakuna mtu anayeruhusiwa kuthibitisha jalada lake mwenyewe. Hiyo pia ni kanuni yake. Msaidizi wake, ambaye ndiye anayeandika haya, hawezi kuthibitisha mpaka akaimu cheo. Cheo hakikaimiwi mpaka kiwe wazi. Hakiwi wazi mpaka mwenye nacho astaafu. Hastaafu mpaka kisanduku cha kumi na nne kijazwe.

Hakuna aliyeliona hilo mapema, kwa sababu sote tulikuwa tukishughulika na keki. Tarehe 31 Machi keki ilikatwa, hotuba zikatolewa, mkurugenzi akalia. Kesho yake saa moja na nusu asubuhi Mzee Mshale alikuwa mezani kwake, kwa kuwa jalada lilikuwa limerudi. Mwezi wa Aprili tulimuaga kwa soda. Mkurugenzi alisoma hotuba ileile na kulia mahali palepale. Mei Mosi ilipopita, saa moja na nusu, mlango wa chumba chetu ulifunguka.

Mwezi Mei kicheko kilikwisha. Mzee na mkewe walikuwa wameshatoa notisi kwenye nyumba waliyoipanga miaka kumi na minane. Binti yao wa kwanza, anayeishi mwendo wa kutwa nzima kutoka hapa, alikuwa karibu kujifungua na aliwataka wazazi wake jirani. Lori la mizigo lilikodiwa Jumamosi ya tarehe 31, asubuhi na mapema, na mpangaji mpya angeingia mchana wake. Kama jalada lisingetoka Ijumaa, Mzee Mshale angebaki peke yake katika mji ambao hana nyumba, au angeondoka bila ruhusa na kuandikwa mtoro kazini, yeye ambaye hajawahi kuchelewa hata siku moja. Mkewe alituma ujumbe kupitia kwa mlinzi. Alisema ataondoka na lori hilo amekaa juu ya kochi lake, mume awepo asiwepo.

Ijumaa saa tatu asubuhi tulikutana ukumbini, mbele ya ramani: mkurugenzi, mwanasheria, afisa utumishi, Mzee Mshale na mimi. Mkurugenzi alisema kisanduku cha kumi na nne kifutwe hapohapo, kwamba yeye mwenyewe atashika kifutio, na kwamba hatapatikana mtu wa kupinga. Mwanasheria alikubali. Afisa utumishi alikubali. Mimi nilikuwa nimekubali tangu Machi. Mzee Mshale aliitazama ramani muda mrefu.

"Nilimkatalia binti wa watu mama yake anakata roho," alisema. "Leo nijikubalie mwenyewe kwa sababu ya lori?"

 Mwanasheria alianza kutafuta kalamu aliyokuwa ameishika.

Ndipo mtunza stoo alipotokea mwisho wa ukumbi, hakuna aliyemwita, amekumbatia daftari la mali. Alilifungua juu ya meza ya mapokezi, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akamgeuzia mkurugenzi asome. Mstari ulisema: 412, mzee mmoja pamoja na kiti chake.

Ilibidi Mzee Mshale mwenyewe aeleze, kwa aibu kidogo. Miaka kumi na mitano iliyopita alichora ramani ya kuhesabu mali, na kisanduku chake cha kwanza kilisema kila kilichomo chumbani kisichosogea kwa muda wa saa moja kihesabiwe na kubandikwa namba. Mhesabuji aliingia chumbani kwake akamkuta akiufikiria mshale mmoja. Aliufikiria kwa saa moja na robo. Mhesabuji, mtu mtiifu, alifuata ramani. Mke wa Mzee Mshale ndiye aliyeikuta namba jioni ile mgongoni mwa koti. Mzee angeweza kuibandua, lakini kwa mujibu wa ramani mali haifutwi daftarini mpaka itolewe ofisini, na yeye alikuwa bado yupo. Basi akakaa daftarini. Kila mwaka mtunza stoo hupita, humkuta, na kuandika: ipo.

Mwanasheria alisema mtu si mali. Mtunza stoo alimwonyesha saini zake mwenyewe, za ukaguzi wa miaka minane mfululizo. Mwanasheria akakaa.

"Mimi sibadilishi ramani ya mtu," mtunza stoo alimwambia Mzee Mshale. "Mali isiyohitajika ina ramani yake ya kutoka, na uliichora wewe. Ina visanduku vitano. Tukianza sasa, mchana umetoka. Ukishavuka lango, cheo kiko wazi, na huyu binti atajaza kile cha kumi na nne."

 Mzee Mshale aliuliza kama kuna pingamizi, na hapakuwa na pingamizi.

Kisanduku cha kwanza ni cha mtunza stoo kukagua kifaa. Alimzunguka pole pole na ubao wake wa kuandikia. Mzee Mshale alianza kusema kwamba kwa miaka tisa hajapata namna ya kumuomba radhi. Alimkatiza. "Simama wima, mzee, nakukagua." Alipofika mbele alimnyoosha kola, akaandika: hali nzuri. 

Kisanduku cha pili hujazwa na chumba kinachotumia kifaa. Chumba kiandike kwamba kifaa hakihitajiki tena, na kieleze sababu. Chumba chetu kina watu wawili, na mmoja wao alikuwa ndiye kifaa.

Fomu hiyo ilikaa mezani kwangu kuanzia saa nne hadi saa saba kasoro. Kwenye ramani yoyote ya Mzee Mshale pangeandikwa: imelala, saa mbili na nusu na zaidi. Mkurugenzi alikuja mara tatu kuchungulia. Afisa utumishi alinikumbusha habari za lori. Mzee Mshale alikaa kwenye kiti chake upande wa pili, mikono magotini, bila kunihimiza, maana kuhimiza kungeharibu kipimo. Mwishowe aliona saa ya ukutani, akafanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya. Alimsaidia mtu katikati ya kazi.

"Andika, mwanangu," alisema. "Kama bado unanihitaji, basi sikukufundisha."

Niliandika kwamba kifaa namba 412 hakihitajiki tena kwa kuwa kazi kilichokuwa kikiifanya sasa inajulikana. Nilisaini. Akaichukua fomu, akaisoma, akaweka nukta niliyoisahau, akaipeleka mwenyewe kwa mkurugenzi kwa kisanduku cha tatu. Mkurugenzi alisaini akilia, safari hii bila hotuba. Cha nne ni cha mlinzi kuandika hati ya kutokea. Alisumbuka kidogo kwenye sehemu ya uzito, na kwa kuwa hii ni ofisi ya mizani, Mzee Mshale alipelekwa chumba cha kupimia akapimwa: kilo sitini na nane na nusu, viatu vikiwamo.

Cha tano ni cha mpokeaji, na mpokeaji alikuwa langoni tangu saa sita, amekaa juu ya sanduku la cherehani yake. Mlinzi alimsomea fomu yote. Alimuuliza kama anakipokea kifaa kama kilivyo au ana malalamiko. Mama yule aliinuka, akamtazama mumewe kuanzia viatu hadi kichwani, akauliza kama kinarudishwa kikianza kuchora jikoni. Mlinzi alipitia fomu tena, kwa makini, akasema hakuna sehemu ya kurudisha.

"Basi nakichukua hivyohivyo," alisema mama. Akasaini, na kwenye nafasi ya maelezo akaandika: kimechelewa miezi miwili. Kisha akakikabidhi kifaa sanduku la cherehani kilibebe.

Saa tisa kamili walivuka lango. Saa tisa na robo nilijaza kisanduku cha kumi na nne. Tangu jana yake mfukoni mwa Mzee Mshale hamkuwa na ufunguo wowote. Mtunza stoo alihakikisha mara mbili.

Lori liliondoka Jumamosi kwa wakati. Binti yao alijifungua Jumanne, mtoto wa kike, na tumearifiwa kwamba babu alikuwa mlangoni pa wodi, akiwauliza wauguzi kwa nini mashuka yanazunguka kupitia ghorofa ya pili.

Ofisi nzima inamshukuru: kwa siku kumi na nane na zaidi alizozirudisha kwa kila mwenye duka, kwa ndoa moja, kwa viti, na kwa kutufundisha kwamba anayechelewesha kazi mara nyingi ni mtu mwema aliyewekwa mahali pabaya. Mrithi wake ataanza kwa kubandika badiliko la kisanduku cha kumi na nne. Siku thelathini za pingamizi zinaanza leo.

Limebaki jambo moja la kikazi. Kazi ya ofisi hii ni kuhakikisha kwamba kinacholetwa mezani kina uzito uleule unaotajwa, na kisipokuwa nao, kinanyimwa muhuri. Fomu ya kifaa namba 412 imepita kwa watu watano, na muhuri wetu umegongwa juu yake. Nimeirudia mara nyingi. Visanduku vinne ni sahihi. Cha pili, nilichokijaza mimi, hakitimii.

Lakini umeshatoka, mzee wetu, kwa hati halali, na hatukurudishi. Tunakutakia siku ndefu, mjukuu msumbufu, na asubuhi nyingi za kukaa saa moja na robo bila kusogea, pasipo mtu wa kukubandika namba.